Kumbukumbu ya Mfanyakazi: Uhamishaji wa Data Unaojisimamia

Kampuni iliyokaa na hifadhidata ya MySQL kwa miaka mingi, ikaona jedwali lake la mauzo au la akaunti limekua hata seva moja haiwezi tena kulibeba, aghalabu hushika njia iliyo karibu, nayo ni kuligawa jedwali hilo katika seva mbili, kisha nne, kisha nane. Na kila mgawanyo huwaongezea mzigo waandishi wa programu, maana swali lililokuwa likijibiwa mahali pamoja sasa sharti liulizwe mahali panane na majibu yake yakusanywe na kuunganishwa. Hatimaye hufika siku ya kutaka vipande vyote virudi kuwa kitu kimoja, katika hifadhidata iliyobuniwa tangu mwanzo ienee juu ya seva nyingi, kama vile TiDB ya kampuni ya PingCAP, iliyoasisiwa Beijing mwaka 2015, ambayo huzungumza lugha ya MySQL ili programu zilizokwisha kuandikwa zisihitaji kuandikwa upya. Kuipata TiDB na kuisimika si jambo zito. Uzito uko katika kuyahamisha yaliyomo ilhali wateja wanaendelea kununua, kulipa na kurudisha bidhaa, usiku na mchana, bila ya kufungiwa mlango.

Hali hiyo inafanana na ya karani aliyepewa kazi ya kunakili daftari la duka lisilofungwa. Akianza ukurasa wa kwanza na kuendelea kwa taratibu, atakapofika ukurasa wa mia, ukurasa wa tatu utakuwa umekwisha kufutwa na kuandikwa upya, na nakala yake, ijapokuwa kila mstari ni sahihi kwa saa ulipoandikwa, kwa jumla haitakuwa sura ya saa yoyote iliyopata kuwako. Tadbiri yake ni moja: ashike kwanza sura ya daftari lote kama lilivyokuwa katika dakika maalumu, aikamilishe nakala ya dakika hiyo, kisha afuate mabadiliko yote yaliyotokea tangu hapo, moja baada ya jingine, kwa mpangilio uleule, mpaka alifikie duka lilipo. DM, programu ya uhamishaji ambayo PingCAP waliitoa hadharani mwaka 2019, hufanya hivyohivyo. Hutoa nakala kamili ya chanzo, huipakia upande wa pili, kisha husoma kumbukumbu za mabadiliko ambazo MySQL yenyewe huziandika katika faili zake, na kuyatenda upya mabadiliko hayo ndani ya TiDB.

Watendaji wake ni wa namna mbili. DM-worker ni mfanyakazi, naye hukabidhiwa chanzo kimoja tu, yaani seva moja ya MySQL, asishike cha pili; DM-master ni msimamizi, anayejua nani amekabidhiwa nini, nani yu hai, na kazi ipi imesimama. Katika toleo la kwanza mfanyakazi alifungwa na chanzo chake kwa maandishi ya faili, na akifa, chanzo kilibaki yatima mpaka mtu aje kukishughulikia. Toleo la 2.0, lililotoka mwezi wa Oktoba 2020, liliondoa udhaifu huo kwa kumpa msimamizi mamlaka ya kukitwaa chanzo cha mfanyakazi aliyepotea na kumkabidhi mwingine, na kwa kuwafanya wasimamizi wenyewe kuwa baraza. Hukaa watatu au watano, wakishauriana kwa kanuni ya Raft, ambayo Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford waliitangaza mwaka 2014, na hakuna neno linalohesabiwa kuwa limepita mpaka zaidi ya nusu yao wawe wameliandika. Katika watatu anaweza kufa mmoja na kazi ikaendelea. Katika watano, wawili. Wanne hawana faida juu ya watatu, kwa sababu wakifa wawili, wawili wanaobaki si wengi.

Watendaji hawa siku hizi huweza kuwekwa, si moja kwa moja juu ya seva, bali ndani ya Kubernetes, programu ya kupanga na kuendesha kontena iliyotoka Google na kutangazwa mwaka 2014, kisha mwaka uliofuata, toleo lake la 1.0 lilipokuwa tayari, ikawekwa katika amana ya jumuiya ya CNCF. Kontena ni programu iliyofungashwa pamoja na kila inachohitaji ili iende sawasawa popote itakapotua. Podi ni kontena moja au zaidi zinazoishi na kufa pamoja. Kaida kuu ya Kubernetes ni kwamba mtu haamuru kitendo bali hutangaza hali anayoitaka. Hasemi washa podi ya tatu. Husema nataka podi ziwe tatu, na zipo programu ndogo ndani yake ambazo kazi yao mchana kutwa ni kuitazama hali iliyotakiwa, kuitazama hali iliyopo, na kuziba pengo lililo kati ya hizo mbili. Podi ikifa, nyingine huzaliwa mahali pake. Seva ikizidiwa, podi huondolewa na kuanzishwa penginepo.

Kwa programu isiyokumbuka kitu, mpango huo ni neema tupu, kwani podi moja ni sawa na nyingine. Kwa kazi ya data ni hatari, kwa sababu thamani ya mtendaji wa data haiko katika nguvu zake bali katika anachokumbuka. Waandishi wa Kubernetes walilijua jambo hilo mapema, na mwisho wa mwaka 2016, katika toleo la 1.5, wakaleta StatefulSet, ambayo huipa kila podi jina lisilobadilika, nambari yake katika safu, na diski iliyo yake peke yake, ili podi ikifa irudi kwa jina lilelile na kuikuta diski ileile. Sharti, lakini, diski iwe ya mtandao inayoweza kuifuata podi kwenye seva nyingine. Diski iliyomo tumboni mwa seva hubaki na seva hiyo, nayo podi hulazimika kuisubiri.

Walakini jina na diski havitoshi. StatefulSet haijui kwamba msimamizi mmoja kati ya watatu ndiye kiongozi, wala kwamba kumwondoa ghafula kunawalazimu wenzake kuchaguana upya katikati ya kazi. Haijui kwamba mfanyakazi mmoja ameshika chanzo na mwingine amekaa bure. Ujuzi huo ulikuwa kichwani mwa mtunza hifadhidata, na ukaondoka naye alipokwenda likizo. Mwezi wa Novemba 2016 kampuni ya CoreOS ilieneza wazo la kuuandika ujuzi wa namna hiyo katika programu inayokaa ndani ya Kubernetes na kufanya kazi kwa kaida yake ileile ya kulinganisha hali mbili, ikaiita opereta. Na mwaka 2017 toleo la 1.7 likawapa watu uwezo ulio bora zaidi wa kuongeza aina zao wenyewe za vitu ambavyo Kubernetes itavitambua. Opereta ya TiDB ilitolewa hadharani mwaka 2018, na toleo lake la 1.2, la Julai 2021, ndilo lililoanza kuisimamia DM.

Tangu hapo mtu anayetaka klasta ya DM, yaani kundi la wasimamizi na wafanyakazi wanaotenda kazi pamoja, huandika faili moja fupi, ambayo mtu asiye fundi aweza kuisoma akaielewa. Mstari mmoja unasema kitu hiki ni cha aina ya DMCluster. Mwingine unataja toleo. Chini yake imeandikwa kwamba wasimamizi wawe watatu, kila mmoja na diski ya ukubwa fulani, na wafanyakazi wawe wanne, kila mmoja na diski yake. Na akiwa mwangalifu huongeza kwamba wasimamizi wale watatu wasilale juu ya seva moja, maana baraza la watatu juu ya seva moja hufa pamoja siku seva hiyo inapokufa, na hesabu yote ya Raft ikawa haikumfaa mtu. Huipeleka faili kwa amri ya kubectl apply, kisha opereta huijenga klasta.

Tutazame sasa usiku mmoja wa klasta kama hiyo, yenye vyanzo vitatu na wafanyakazi wanne, ambamo kwa hesabu mfanyakazi mmoja hana kazi, naye yuko hapo kwa makusudi. Saa nane ya usiku umeme wa seva moja unakatika, na mfanyakazi aliyeshika chanzo cha pili anapotea bila ya kuaga. Kila mfanyakazi hutoa ishara ya uhai kwa wasimamizi, na dhamana yake ni ya sekunde 60. Zikipita bila ishara, kiongozi huhesabu kuwa hayupo, hukitwaa chanzo cha pili na kumkabidhi yule aliyekaa bure, naye huanza kazi. Kubernetes kwa upande wake ni nzito zaidi. Kwa desturi yake husubiri dakika tano kabla ya kuziondoa podi za seva isiyojibu, na hata baada ya hapo, kwa kuwa podi hii ni ya StatefulSet, haitaizalisha upya mpaka iwe na yakini kuwa ile ya kwanza imekufa kweli. Hadhari hiyo ni ya haki kabisa: seva isiyojibu yamkini ni nzima na mtandao tu ndio uliokatika, na podi mbili zenye jina moja zikiandika kwa wakati mmoja ni balaa kubwa kuliko podi moja isiyokuwapo. Hapa ndipo opereta inapotia mkono. Ukipita muda uliowekwa, humwandika mfanyakazi aliyepotea kuwa ameanguka na kuongeza mwingine mwenye nambari mpya katika safu, ili klasta irudi kuwa na wa akiba. Yote haya hutimia hali mtunza hifadhidata amelala.

Ila kumweka mfanyakazi mpya si sawa na kuiendeleza kazi ya aliyekufa, na hili ndilo jambo ninalotaka msomaji alishike kuliko mengine yote, kwa kuwa watu wengi wanaosifu kujiendesha kwa mitambo husifu wepesi wa kuzaliwa kwa podi, ambao ni sehemu ndogo ya habari. Mfanyakazi mpya atajuaje mwenziwe alikuwa amefika wapi? Lau alama ya mahali alipofika ingekuwa kwenye diski ya marehemu, hakuna opereta duniani ambayo ingeliweza kumwokoa mtu na kuanza upya. DM huiweka alama hiyo ndani ya TiDB yenyewe, mahali data inakokwenda, katika majedwali yake maalumu: jina la faili ya kumbukumbu za mabadiliko na nafasi ndani yake. Mfanyakazi anaweza kufa popote. Kumbukumbu yake inakaa kwa mwenye mali.

Alama hiyo, lakini, haiandikwi baada ya kila badiliko, kwa kuwa kufanya hivyo kungeipunguza mno kasi ya kazi. Huandikwa kila baada ya sekunde 30 hivi. Kwa hiyo mfanyakazi akifa, yamo mabadiliko ambayo alikwisha kuyatenda lakini alama bado haijayajua, na mrithi wake hana budi kuyatenda tena. Chukua mteja mpya aliyeandikishwa usiku ule kwa nambari 4471, na salio la shilingi 12,000. Dakika ile ile akalipa 3,000, likabaki 9,000. Mfanyakazi wa kwanza aliyaingiza yote mawili katika TiDB, akafa kabla ya kuweka alama. Mrithi anasoma tena: ingiza mstari wa 4471. TiDB inakataa, maana mstari upo. Angelazimisha kwa ujinga, kazi ingesimama hapo mpaka asubuhi.

Ndiyo maana kila kazi inapoanza au kuanzishwa upya, DM huingia kwa muda katika hali ya usalama, ambamo amri ya kuingiza mstari hugeuzwa kuwa amri ya kuuweka mahali pa uliopo ikiwa upo, na amri ya kubadili mstari hugeuzwa kuwa mbili, kufuta wa zamani na kuuweka mpya. Mrithi anauweka tena mstari wa 4471 wenye 12,000, na kwa kitambo salio linaonekana limerudi nyuma. Kisha anausoma ule mwendo wa pili, anaufuta mstari, anauweka wenye 9,000, na hesabu imekaa palepale ilipopaswa kukaa. Rudia mara mbili, rudia mara kumi, matokeo ni yaleyale. Jambo hili linawezekana kwa sababu DM hudai MySQL iandike thamani zenyewe, iliyokuwako na iliyopo, badala ya kuandika agizo la kutoa 3,000. Agizo la kutoa likitendwa mara mbili lingemwibia mteja. Aidha DM hudai jedwali liwe na ufunguo wa pekee wa kuutambua mstari, na asiye na ufunguo huo katika majedwali yake asianze safari kabla ya kuutia.

Mimi naona hapo ndipo penye kipimo cha insafu cha kazi yoyote inayojiendesha: tuulize kama kitendo kilichokatizwa katikati chaweza kurudiwa bila ya kudhuru, na kumbukumbu yake iko wapi. Panapokosekana hayo mawili, opereta ni chombo cha kuharibu kwa haraka.

Na hata DM haina ukamilifu huo katika kila hatua. Faili za nakala kamili ya mwanzo hukaa kwenye diski ya mfanyakazi aliyezitoa, na akipotea kabla ya kumaliza kuzipakia, kazi ya saa nyingi yaweza kuwa bure; ndipo tunapoona sababu ya kumpa mfanyakazi diski yake ya kudumu na kutoifanyia ubahili. Kadhalika mfanyakazi aliyeagizwa kuzivuta kwanza kumbukumbu za mabadiliko na kuziweka kwake hupewa dhamana ya uhai ya dakika 30 badala ya sekunde 60, kwa kuwa kumsubiri arudi kuna nafuu kuliko kumwacha mwingine azivute zote upya.

Kupunguza na kupandisha matoleo nako kuna adabu yake. Opereta ikitaka kubadili toleo huzigusa podi moja moja, ikianzia nambari ya juu, na ikimfikia msimamizi ambaye ndiye kiongozi humtoa kwanza uongozini, ili achaguliwe mwingine kwa utulivu. Mfanyakazi akipunguzwa, jina lake nalo hufutwa katika orodha ya wasimamizi, lisibaki likingojewa. Lakini opereta haitamzuia mwenye klasta kuwapunguza wafanyakazi mpaka wawe wachache kuliko vyanzo, na akifanya hivyo kipo chanzo kitakachokaa bila mshughulikiaji. Faili ile fupi hutiiwa kama ilivyoandikwa.

Yapo pia mambo ambayo hayakukabidhiwa kwa opereta, na kwa maoni yangu hayafai kukabidhiwa. Turudie yale majedwali manane yanayokusanywa kuwa moja. Siku moja waandishi wa programu wanaongeza safu ya nambari ya simu katika jedwali la mauzo, nao huiongeza seva moja baada ya nyingine, kwa muda wa saa nzima. Katika namna ya hadhari, DM huyasimamisha mabadiliko ya kila kipande kilichokwisha kuongezwa safu, ikingoja vya mwisho vifike, kisha hulibadili jedwali la TiDB mara moja na kuendelea. Kipande cha nane kikisahauliwa, saba husubiri. Programu haiwezi kujua kama kimesahauliwa au kimeachwa kwa makusudi. Sharti mtu aende akaulize. Vivyo hivyo DM inapokutana na badiliko ambalo TiDB hailikubali, husimama na kutoa taarifa, na ipo amri ya kuliruka. Kuliruka ni kukiri kwamba upande wa pili hautakuwa sawa na wa kwanza katika jambo hilo, na hiyo ni hukumu ya mwenye data, aitoe akiwa macho na jina lake likiwa chini yake.

Tena kuna muda. MySQL 8.0 kwa kawaida huzitunza kumbukumbu za mabadiliko siku 30, lakini wako watunzaji waliofupisha muda huo ili kuokoa nafasi ya diski. Kazi iliyosimama ikangojea mtu kwa siku nyingi kuliko muda huo hukuta faili iliyotajwa katika alama imekwisha kufutwa kwenye chanzo, na hapo hakuna tena pa kuendelea ila kutoa nakala kamili upya. Kwa hiyo kabla ya kusimika podi hata moja, inafaa kwenda kwenye kila chanzo, kuangalia muda huo, na kuurefusha uwe mpana kuliko likizo ndefu ya mtu yeyote katika idara.

Siku ya kuhama ikifika, maandishi kwenye vyanzo husimamishwa kwa dakika chache, watu hungoja mpaka pengo la mabadiliko liwe sifuri, kisha hulinganisha pande mbili. PingCAP wana chombo kiitwacho sync-diff-inspector, ambacho huyagawa majedwali mafungu mafungu, hupiga hesabu ya kila fungu pande zote mbili, na penye tofauti hushuka mpaka mstari wenyewe. Kwa kuwa ulinganisho wa majedwali makubwa huchukua muda, wenye busara huufanya mara kadhaa siku za nyuma, ili siku yenyewe wabaki na fungu dogo tu la kuhakiki. Ndipo programu zinapoelekezwa upande mpya.

Klasta ya DM ikishamaliza wajibu wake, hufutwa kwa amri moja, na opereta huziondoa podi zote za wasimamizi na wafanyakazi. Diski hubaki. Opereta hii kwa asili yake huzipanga zisifutwe hata podi zinapoondoka, kwa kuwa zimo ndani yake nakala za mwanzo na orodha ya nani alikabidhiwa nini, vitu ambavyo pengine vitatakiwa ikidhihiri wiki mbili baadaye kwamba hesabu ya tawi fulani haikukaa sawa. Ada ya kuzitunza hulipwa kila mwezi, na kwa hiyo idara iandike mapema, katika hati ileile ya mpango wa uhamishaji, tarehe ya kuzifuta na jina la cheo kitakachotoa idhini.